Mtande wa Ambakka

Katika mtaa wetu wa Dharwad, nyumba ya Anantrao Hebsur ilijulikana kwa mlango wake wa buluu na kwa sauti ya gurudumu la kusokotea uzi. Asubuhi watu wakimaliza kuoga, na tena alasiri jua likishuka, gurudumu lile lililia taratibu kama mtu anayesafisha koo. Wapita njia walisema, "Rayaru anasokota." Rayaru lilikuwa jina la heshima, hakuna aliyemwita vinginevyo, hata muuza maziwa. Wala hakuna aliyejiuliza kwa nini sauti hiyo ilisikika hata siku ambazo Rayaru mwenyewe alikuwa safarini.

Ukisoma magazeti, maisha ya Rayaru ni mafupi na safi. Alisomea sheria Poona. Mwaka 1921 aliacha uwakili akaingia katika harakati za uhuru. Waingereza walimfunga mara tatu. Mwaka 1937 alichaguliwa kwenye baraza la jimbo, na mwaka 1946 akafanywa waziri wa umwagiliaji huko Bombay. Mwaka 1951 alijiuzulu, akarudi nyumbani, na Februari ya 1963 akafariki. "Ameacha mjane na binti mmoja." Mjane huyo hakutajwa jina.

Mimi nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Kwa miaka minne ya masomo yangu ya chuo kikuu nilikwenda kila asubuhi kumsomea Rayaru gazeti, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia. Ninayoyaandika hapa niliyaona, au niliambiwa na mjane huyo mwenyewe akiwa anachagua mawe kwenye mchele.

Aliitwa Ambabai, lakini mtaani alikuwa Ambakka. Alizaliwa upande wa Navalgund, kwenye udongo mweusi wa pamba, ambako msichana hujifunza kusokota kabla ya kujifunza kusuka nywele zake. Aliolewa akiwa na miaka kumi na mitatu. Siku bwana arusi alipomleta kwao, wanawake wa ukoo waliziba mlango kwa miili yao, kama wafanyavyo kwetu, wakakataa kumpisha mpaka kila mmoja alitaje jina la mwenzake ndani ya ubeti. Ambakka alitaja. Bwana arusi, mwanafunzi wa sheria mwenye miwani, alitaja kwa sauti ndogo mno hata shangazi yake akampigia kelele, "Wakili gani huyu hasikiki! Hakimu atakusikia vipi?" Akarudia. Baada ya hapo, kama desturi inavyotaka, mume na mke hawakutajana majina tena. Mume alimwita mkewe "wewe", na alipozaliwa binti yao, "Mama Sumati". Naye alimwita "Baba Sumati".

Kiapo cha Rayaru kilikuja mwaka 1930, sokoni, siku ya kuchoma nguo za kigeni. Rayaru alivua koti lake la zamani la uwakili, akalirusha motoni, akapanda juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akasema kwamba tangu siku hiyo hakuna nguo itakayougusa mwili wake ambayo uzi wake haukusokotwa kwa mkono wake mwenyewe, mpaka mwisho wa maisha yake. Watu walishangilia mpaka ng'ombe wakashtuka. Ambakka alikuwa amesimama kando na Sumati kiunoni, akipiga hesabu. Dhoti moja, ile shuka ndefu wanayojifunga wanaume, inataka mashada kumi na mawili ya uzi. Shada moja linamchukua mtu aliyezoea saa tatu. Mumewe alikuwa mtu wa kalamu.

"Mbona hushangilii?" jirani yake alimuuliza.

"Nashangilia. Kwa mwendo wa vidole vyake, mwakani atakuwa amevaa leso."

Mfumaji wao alikuwa Dyamappa, kijana wa mtaa wa wafumaji nyuma ya bwawa. Rayaru alipompelekea uzi wake wa kwanza, Dyamappa aliushika mbali na uso kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Mzee, nifume huu, au niufunge kwenye ndoo ya kisimani?"

Rayaru alicheka, akaurudisha nyumbani, akaanza upya. Aliyemfundisha kusokota vizuri ni jela. Kifungo cha kwanza miaka miwili, kisha mwaka na nusu, kisha karibu mitatu wakati wa vita: alikaa na gurudumu na pamba na hakuwa na wa kumhutubia. Uzi uliotoka jela ulikuwa mwembamba na sawasawa. Dyamappa aliufuma bila neno, na kwa Dyamappa hiyo ilikuwa sifa kubwa. Ambakka alinisisitizia jambo hili zaidi ya mara moja. "Jela alisokota kweli. Usije ukaandika kwamba hakuwahi."

Ambakka mwenyewe miaka hiyo alikula mkate wa mtama kwa pilipili ya kusaga. Polisi walichukua masufuria ya shaba wakayanadi hapo hapo mlangoni. Alizaa mtoto wa kiume, akamzika akiwa na miezi minane. Hakumwandikia mumewe, kwa sababu barua zilisomwa kwanza na bwana jela, na hakutaka mtu yule awe wa kwanza kujua. Rayaru aliambiwa alipotoka. Alikaa barazani tangu asubuhi mpaka jua lilipozama, kisha akaingia ndani, akaliangalia gurudumu la mkewe, akauliza kamba yake mpya ilitoka wapi. Ambakka alisema kwamba huko ndiko kulia kwake. Alimwelewa.

Kisha akawa waziri. Alikwenda Bombay na gurudumu dogo la kukunja ndani ya sanduku, na alimwahidi kila mwandishi wa habari kwamba atasokota nusu saa kila siku. Desemba ya mwaka wa kwanza alirudi na mfuko wa kitambaa. Baraza la nyumba lilikuwa limejaa watu wenye maombi, kwa hiyo alimpa Ambakka mfuko ule huku anavaa viatu.

"Mpe Dyamappa. Dhoti mbili."

Dyamappa aliufungua mfuko, akatoa mashada matatu na kipande. Alitazama ndani tena. Aliutikisa.

"Mama, hii itatosha kamba ya kiunoni. Dhoti zenyewe atazileta kesho?"

Ambakka aliingia ndani. Alirudi na kapu la uzi wake mwenyewe, aliokuwa ameuweka kwa sari yake ya mwaka ule.

"Ongeza huu."

Dyamappa hakuupokea mara moja. "Na akiniuliza?"

"Atakuulizaje? Hajui hata chumvi tunaweka wapi. Ni mwaka huu tu."

Mwaka uliofuata yalikuwa mashada manne. Uliofuata, mawili, kwa kuwa kulikuwa na njaa na Rayaru alizunguka wilaya kwa wilaya. Ambakka aliongeza kila mwaka, na kila mwaka ilikuwa mwaka huo tu. Sari zake alianza kununua kwenye duka la khadi, nguo za uzi wa mkono, zile nzito za rangi ya udongo.

Sasa nieleze sababu ya kujiuzulu, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa kilichotokea baadaye. Mwaka 1951 Rayaru alisimama kwenye baraza la jimbo akatangaza kwamba mfereji mpya umefikisha maji kwenye vijiji arobaini na viwili. Wiki tatu baadaye mkulima mmoja alifika Bombay, akakaa kwenye ngazi za nyumba ya waziri mpaka alipoonwa. "Mheshimiwa, mimi ni wa kijiji cha mwisho. Tumesikia kwenye redio kwamba tunaoga." Rayaru alisafiri naye. Maji yaliishia kijiji cha kumi na saba. Kuanzia hapo alivua viatu, akateremka ndani ya mfereji mkavu, akautembea kwa miguu siku mbili hadi kijiji cha arobaini na mbili. Kisha akarudi barazani akasema: "Nilisema uongo. Niliambiwa na wengine, lakini ulimi ulikuwa wangu." Akaacha kazi. Wenzake walimwambia amwachishe kazi mhandisi, wakamwambia aunde tume. Hakuwasikiliza.

Alifika nyumbani mchana na sanduku la bati na gurudumu lake la kukunja. Ambakka alimtengea wali na mtindi. Mumewe alikaa mbele ya chakula bila kukigusa, kisha akamuuliza:

"Wewe ungeniacha niendelee kusimama pale, na uongo mdomoni?"

Ambakka alisema, "Kula kwanza."

Siku ile, aliniambia, alitaka kumweleza. Neno lilifika kwenye meno. Lakini mtu aliyekaa mbele yake alikuwa amevunjika, na isitoshe, alijiambia, sasa yuko nyumbani, ana muda. Atasokota mwenyewe na kiapo kitakuwa kweli tena, na yaliyopita yatapita. Na kwa miaka mitatu hivi ilikuwa karibu kweli. Halafu mikono ya Rayaru ikaanza kutetemeka.

Uzi wa mkono unaotetemeka ni uzi wa mafundo. Mahali pengine mnene kama mdudu, mahali pengine unakaribia kutokuwepo. Rayaru hakuuona vizuri, kwa sababu ya macho. Alisokota nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, akampa mkewe. Mkewe aliuweka ndani ya lile sanduku la bati, chini ya kitanda, na kwa Dyamappa akapeleka wake. Hakuutupa hata uzi mmoja. Miaka minane.

Kila tarehe mbili Oktoba, siku ya kuzaliwa Gandhi, shule ya wasichana ilimwalika Rayaru. Mwalimu mkuu alimsimamisha jukwaani mbele ya picha ya Gandhi, akanyoosha pindo la dhoti yake, akasema, "Watoto, tazameni. Kila uzi hapa umetoka kwenye mkono huu." Wasichana walipiga makofi. Niliwahi kuwa mmoja wao. Ambakka alikaa mstari wa pili, mikono mapajani, na mimi nilidhani amechoshwa na hotuba.

Januari ya 1963 Rayaru alilala akawa haamki tena ila kwa kuegemezwa kwenye mito. Daktari alimwambia Ambakka uani, kwa sauti ya chini, kwamba ni suala la majuma. Rayaru, ambaye masikio yake hayakuwa na shida yoyote, alisema kutoka ndani, "Majuma mangapi, daktari? Nina kazi." Kazi yenyewe ilikuwa moja. Alitaka nguo ya kufunikwa, ile ya safari ya mwisho, ifumwe kwa uzi wake wa miaka hii ya mwisho. Aliuliza upo mwingi kiasi gani.

"Upo," Ambakka alisema.

"Basi muite Dyamappa."

Katibu wa chama wilayani, Madhavrao, alikuwepo siku hiyo. Alikuwa mtu mnene, mwema, anayelia haraka. Alifuta macho akasema, "Habari kama hii itasomwa Delhi," akaondoka akiwa tayari anatunga tangazo.

Dyamappa alikuwa mzee sasa, na kidole gumba chake kilikuwa kimepinda kwa miaka ya kazi. Alikaa na Ambakka uani, wakalifungua sanduku. Alichukua shada la juu, akatafuta ncha, akavuta kidogo. Ukakatika. Akavuta mahali pengine. Ukakatika. Shada la chini kabisa, la mwaka wa kwanza wa kutetemeka, lilistahimili mara tatu.

"Mama, mtande ni uzi unaovutwa kutwa nzima," alisema. "Unakazwa, unapakwa uji, unapigwa. Huu ukiukoholea unakatika." Akaufunga mfuniko polepole. "Tufanye kama siku zote."

Nilikuwa nimekaa mlangoni na gazeti, nikaona Ambakka amelishika pindo la sari yake analikunja na kulikunjua.

"Mama? Nani atajua? Kitachomwa siku hiyo hiyo."

"Ndiyo hilo," Ambakka alisema. "Kitachomwa naye, bila yeye kujua."

Alimwambia asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili wa gazeti. Nilisimama niondoke, lakini Rayaru alinyoosha mkono. "Kaa, hujamaliza habari ya mahindi." Ambakka akasema, "Akae." Akaketi sakafuni karibu na kitanda.

"Baba Sumati. Hiyo dhoti uliyovaa si ya uzi wako."

Rayaru alidhani hajasikia. "Nini?"

"Uzi wake si wako."

"Wa nani?"

"Wangu."

Nje muuza mboga alikuwa anaita mbilingani. Rayaru aliipapasa nguo kwenye paja lake kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu kusoma.

"Tangu lini?"

"Hii ni ya mwaka jana."

"Sikuulizi hii."

"Tangu ulipoanza uwaziri. Kwanza niliongeza tu. Halafu, mikono yako ilipoanza, zote."

"Miaka kumi na saba," alisema. Kichwa chake kilikuwa bado cha wakili. "Nimesimama mbele ya watoto wa shule."

"Najua. Nilikaa mstari wa pili."

"Dyamappa anajua?"

"Dyamappa ndiye mfumaji. Atakosaje kujua?"

"Mlinicheka."

"Siku moja tu," Ambakka alisema. "Uzi wako wa mwaka hamsini na nane ulikuwa kama mizizi ya tangawizi."

Rayaru hakucheka. Alisema, "Nivue."

"Baridi hii, utavaa nini?"

"Nivue nguo hii, nimesema."

Alimvua. Akamfunika blanketi la manyoya, lile jeusi linalofumwa na wachungaji, akatoka nje na dhoti iliyokunjwa mikononi. Alikaa jikoni bila kuwasha moto. Niliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kutwa nzima Rayaru hakula wala hakunywa. Ambakka aliingia na uji, akatoka na uji. Sumati, aliyekuwa amewasili kutoka Hubli, alimfokea mama yake jikoni: "Ungekaa kimya majuma mawili tu! Umekaa kimya miaka kumi na saba, ukashindwa majuma mawili?" Ambakka alijibu, "Ndiyo," akaendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umeshapoa. Nadhani hofu yake ilikuwa moja: kwamba mumewe atakufa vile, uso umeelekea ukutani, chini ya blanketi, na kwamba hilo ndilo litakalokuwa neno lake la mwisho kwake. Nivue.

Siku ya pili asubuhi nilipofika, uso ulikuwa bado ukutani. Nilifungua gazeti, nikasoma habari ya mahindi, maana sikujua la kufanya. Nilipomaliza alisema, bila kugeuka:

"Na blanketi hili nani alilifuma?"

Sikujua kama ananiuliza mimi. Ambakka alijibu kutoka mlangoni.

"Wachungaji wa Ranebennur. Tulilinunua mwaka arobaini na mbili."

"Nimelilalia miaka ishirini na moja. Sikuwahi kulihesabu." Akageuka. "Lete sanduku."

Ambakka alilivuta kutoka chini ya kitanda. Rayaru aliingiza mkono, akatoa shada, akatafuta ncha kwa muda mrefu. Tulimwacha. Alipoipata aliuvuta uzi kati ya mikono yake inayotetemeka, na ukakatika. Akachukua mwingine, ukakatika. Sijui alijaribu mara ngapi. Vipande vilikuwa vimejaa kifuani pake kama nyuzi kwenye sakafu ya fundi cherehani.

"Lete na wako."

Aliletewa. Aliuvuta, akauvuta tena kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kisha akaulaza kifuani juu ya vile vipande.

"Ungeniambia siku ile ya wali na mtindi," alisema.

"Ningekuambia."

"Nisingeweza kuvumilia."

"Ndiyo maana nilisema kula kwanza."

Dyamappa aliitwa. Alisimama mlangoni akipinda vidole, kwani alidhani ameitwa kuhukumiwa. Rayaru alimuuliza swali moja tu: uzi huu wangu hauwezi kufumwa kwa njia yoyote?

Dyamappa alikaa chini. Swali la kazi lilimrudishia ulimi. "Mzee, kwa mtande hauwezi, hata ukiniapia. Lakini mshindio ni jambo jingine. Mshindio ni uzi unaopita katikati, kushoto kulia. Hauvutwi. Unalala tu. Mama akinipa mtande, wako naweza kuulaza ndani yake. Utakuwa na mafundo, kama shamba lenye visiki. Lakini utakaa."

"Basi haitakuwa nguo ya mkono wangu."

"Itakuwa ya mikono minne. Ukihesabu na yangu, sita."

Rayaru alifumba macho. Nilidhani amelala. Akasema, "Vatsala, chukua karatasi."

Aliniandikisha barua kwa magazeti, kwa sauti ile ile, nadhani, aliyosemea barazani. Ilikuwa fupi. Kwamba kwa miaka kumi na saba amekubali sifa ya nguo ambayo hakuisokota. Kwamba hakujua, lakini mtu anayeapa mbele ya soko zima anapaswa kujua. Kwamba nguo atakayofunikwa ina mshindio wa mkono wake na mtande wa mkono wa mwingine, na bila mtande hakuna nguo. "Nguo zangu zote tangu mwaka 1946," alisema, "zilisokotwa na mke wangu." Akasita. Kalamu yangu ilisubiri.

"Andika jina," alisema.

Nililijua jina, lakini sikuandika. Ambakka alikuwa amegeukia dirisha.

"Ambabai," alisema Rayaru. Alilisema kwa sauti ndogo. Kisha, kana kwamba shangazi yule bado amesimama mlangoni, akarudia kwa nguvu zaidi.

Ambakka alijifunika uso kwa pindo la sari. Dyamappa aliliangalia dari.

Siku hiyo hiyo Rayaru alikunywa uji, akakubali kuvalishwa dhoti. Madhavrao alikuja jioni, akasoma barua, akalia, akaiweka mfukoni aipeleke mwenyewe. Mimi nilibaki na karatasi ya kwanza yenye makosa.

Mtande ulipakwa uji wa mtama, ukaanikwa barabarani mbele ya nyumba ya Dyamappa, ukapandishwa kwenye kitanda cha kufumia. Ambakka alikwenda mara mbili kwa siku, akakaa karibu, akiunganisha kila mshindio uliokatika. Siku ya tatu asubuhi, zikiwa zimebaki dhiraa mbili za kitambaa, Sumati alitokea mlangoni, akasema baba yake amekata roho.

Kwetu maiti haikai mpaka jua lizame. Dyamappa alipiga mistari michache zaidi, haraka, kisha akachukua kisu akakata pale pale palipofika. Nguo ile ilikuwa na mafundo kila mahali, nene upande huu, nyembamba upande ule, lakini ilishika. Ilimfunika kuanzia kifuani hadi chini kidogo ya magoti.

Baraza la nyumba lilijaa. Madhavrao alileta shali ya khadi laini kabisa kutoka kwenye ofisi ya chama, ya rangi ya maziwa, akainama aifunike miguu.

"Iache," Ambakka alisema.

"Mama, watu wanaangalia. Waziri mzima, miguu wazi?"

"Miguu hiyo ilifika kijiji cha arobaini na mbili bila viatu. Iache."

Akaondoka hivyo, mabegani mwa watu, miguu mbele ya macho ya mtaa wote.

Keshokutwa yake nilimsomea Ambakka gazeti, kwa mara ya kwanza yeye badala ya mumewe. Picha ilikuwa kubwa. Iliandikwa kwamba mtumishi huyu wa taifa aliaga dunia kama alivyoishi, amefunikwa nguo ambayo kila uzi wake aliusokota kwa mkono wake mwenyewe. Barua haikuwepo. Nilipekua kurasa zote. Mimi si mtu wa kwenda kwenye ofisi za watu, lakini nilikwenda. Madhavrao alinipa kiti, akaniagizia chai. "Binti," alisema, "watoto wa shule tutawaambia nini? Nchi changa inahitaji watu wa kuigwa." Barua ilikuwa bado mfukoni mwake, imekunjwa vizuri. Hakunipa. Sikujua jinsi ya kumlazimisha. Nilikunywa chai nikaondoka.

Nilimweleza Ambakka. Aliendelea kuchagua mchele kwa muda.

"Ile yako yenye makosa ipo?"

"Ipo, Bibi."

"Na wewe unajua kuandika."

Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kulifanya jambo hili.

Siku kumi na tatu za msiba zilipita, Sumati akarudi Hubli. Siku ya kumi na nne asubuhi nilikuwa kwenye ngazi zao, nikiwa nimewahi, mlango wa buluu bado umefungwa. Muuza maziwa alikuwa anapita na baiskeli yake na mitungi. Ndani, gurudumu likaanza, taratibu, kama mtu anayesafisha koo. Muuza maziwa alifunga breki mpaka maziwa yakamwagika kidogo.

"Hee! Nani huyo anasokota?"

"Yule yule wa siku zote," nilimwambia.

Alisimama akisikiliza, mguu mmoja chini. Kisha alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia yake.